Kamati ya Msiba wa Mtu Aliye Hai

Haya si ya zamani za kale. Ni ya juzi tu, na nchi yenyewe sitaitaja, kwanza kwa sababu haipo, pili kwa sababu hata ingekuwepo, kuitaja kungehitaji kibali, na ofisi ya vibali hufungwa saa nne asubuhi kwa ajili ya chai. Ni nchi yenye amani sana. Amani yake ni nyingi hata imeundiwa wizara, Wizara ya Utulivu na Habari Njema, na humo ndimo alimofanya kazi Hidaya Mbonde, Afisa Picha wa Pili. Afisa Picha wa Kwanza hakuwahi kuonekana. Ilisemekana yuko semina.

Kazi ya Hidaya ilikuwa kuzitengeneza picha za nchi zifanane na hotuba. Barabara ikitajwa hotubani, yeye huimwagia lami kwenye kompyuta. Zahanati ikitajwa, huiezeka. Daraja la Mto Mfune alikuwa amekwisha kulijenga mara tisa, maana lilizinduliwa kila mwaka, na kila mwaka Mkurugenzi alitaka liwe refu kidogo kuliko la mwaka uliopita. Picha hizo alizituma kwenye kundi la simu liitwalo Habari Njema Taifa, ambamo kila mtumishi wa serikali alilazimishwa kuingia, na kutoka ni kosa la utovu wa nidhamu.

Shida ni kwamba Hidaya kwao ni ng'ambo ya Mto Mfune. Mama yake, Bi. Nyamizi, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari wa macho yuko mjini, upande wa huku. Mtoni pana gogo. Bi. Nyamizi hawezi kuvuka gogo kwa sababu haoni, na hawezi kutibiwa aone kwa sababu hawezi kuvuka gogo. Kubebwa mgongoni alikataa katakata, kwa kuwa alimfahamu kwa jina mtu wa mwisho aliyebebwa, na aliyembeba pia, na makaburi yao yote mawili. Daktari alimwambia Hidaya bila kuficha: "Mlete kabla ya masika, dada. Yakiiva kupita hapo, hata mimi sitaweza kitu." Masika ilikuwa imebakiza wiki tatu. Hidaya alikuwa hakai kitini. Akikaa anasimama, akisimama anasahau alisimamia nini.

*

Mwezi huo Mtukufu Baba wa Subira, mkuu wa nchi, alikuwa anatimiza miaka sabini kwa mara ya tatu, maana sabini na mbili isingependeza kwenye mabango. Ikaagizwa picha ya pongezi. Sasa pale wizarani picha haitoki mpaka ipate sahihi saba, na kila mwenye sahihi hutazama kipande chake tu, ili siri za nchi zisikae zote kwenye kichwa kimoja.

Afisa Rangi aliona shati la Mtukufu ni la kijani, na kijani ni rangi ya wapinzani. Ili kuwa na uhakika, akaondoa rangi zote. Picha ikabaki nyeusi na nyeupe. Afisa Mapambo akaizungushia maua meupe. Afisa Sherehe akaweka keki yenye mshumaa mmoja mrefu. Afisa Lishe akaiondoa keki, kwa kuwa ngano ilikuwa haipatikani na wananchi wangeitamani bure. Mshumaa ukabaki, maana haumo katika vyakula. Afisa Hisia akaandika chini: "Alitufanyia mengi. Hatutamsahau kamwe."

Picha ilipomfikia Hidaya ikiwa nzima, aliitazama mara mbili. Akaenda nayo kwa Mkurugenzi, Bwana Lugome.

"Mkurugenzi, shikamoo. Hii picha… watu wakiiona…"

"Wataona nini?"

"Wataona kama kuna msiba."

Bwana Lugome akavua miwani. "Dada Hidaya, hapa pana sahihi saba. Wewe una macho mawili. Yepi mengi?"

Hidaya akarudi mezani kwake, akaibandika. Ilikuwa saa tatu na dakika nne asubuhi.

*

Saa tatu na dakika nne hiyo hiyo, mwalimu mmoja wa kusini akaandika: "Poleni sana." Akafuata karani wa mahakama: "Jamani! Lini tena?" Akafuata muuguzi, akafuata bwana shamba, kisha hawakuhesabika. Mungu ailaze roho yake mahali pema. Sote njia yetu moja. Vikaja vikaragosi vya machozi, mistari kwa mistari, mpaka simu ya Hidaya ikawa inatambaa mezani yenyewe.

Bwana Lugome akachungulia mlangoni. "Wananchi wameipokeaje?"

"Wameguswa, Mkurugenzi," Hidaya alisema.

Utauliza kwa nini wizara haikukanusha. Iko Sheria ya Afya ya Mkuu. Sheria hiyo inasema yeyote atakayesema Mtukufu ni mgonjwa, ni mzima, yuko hai au hayuko, miaka saba jela. Iliandikwa na Bwana Lugome mwenyewe. Ni Mtukufu peke yake aliyeruhusiwa kuisemea afya yake, na Mtukufu, ambaye kwa mujibu wa taarifa rasmi alikuwa ofisini akichapa kazi, alikuwa nchi za nje kwenye hospitali ambayo madaktari wake hunyang'anya wagonjwa simu ili wapumzike. Basi wizara nzima ikakaa kimya, ikivuja jasho kwa utulivu.

Wananchi nao hawakungoja. Nchi ile haiwezi mambo mengi. Uchaguzi huwatoa jasho, na sensa iliwahi kupata idadi ndogo kuliko ya kuku. Lakini msiba wanauweza. Saa sita mchana kundi jipya lilikuwa limefunguliwa, na mwenyekiti wake amepatikana bila kupingwa: Bi. Sikudhani Malecha, mwuza vitumbua wa stendi ya mabasi, aliyewahi kuongoza misiba kumi na tisa na pilau lisiungue hata mara moja. Bi. Sikudhani hakuwa na subira ya kuandika. Alisema kwa sauti, huku vitumbua vikikaangika kwa nyuma.

"Wanangu, poleni. Kulia tutalia, ila kwa zamu. Nataka watu wa maturubai, watu wa masufuria, watu wa usafiri. Orodha hiyo hapo. Nakili, ongeza jina lako na unacholeta, rudisha kundini. Na wewe unayeleta picha za maua, acha, simu za watu zinajaa."

Kufikia alasiri orodha ilikuwa na majina elfu themanini, na hakuna lililojirudia. Hidaya aliisoma amesimama dirishani, akaingia kundini kwa jina la nyumbani, maana kutazama kwa mbali kulimzidi.

*

Siku ya pili kamati ndogo ya usafiri ikauliza swali. Marehemu kwao ni Mabanzi, ng'ambo ya Mto Mfune. Gari litapitaje?

"Daraja lipo," aliandika mtu wa ujenzi. "Nimeliona Habari Njema Taifa. Refu, la kisasa." Akaibandika na picha yake.

Mwuza karanga wa pale mtoni, Mama Chausiku, akabandika ya kwake: gogo, na juu ya gogo mbuzi aliyeghairi safari.

Picha mbili zikakaa juu na chini, mbele ya watu laki tatu. Hidaya aliona aibu. Si aibu ya kusemwa na watu, maana hakuna aliyemjua. Ni ile inayomjia mtu akiwa peke yake. Miaka tisa amelichora daraja lile, na kila mara akimaliza anampigia mama simu kumuuliza hali ya macho.

Kisha sauti ya Bi. Sikudhani: "Simuulizi mtu, wanangu. Ila maiti havuki kwenye picha. Nani ana chuma?"

Akajitokeza Bwana Ngasa, mlinzi wa ghala la ujenzi: "Vyuma vya daraja hilo ninavilinda mimi mwaka wa kumi na moja huu. Havijawahi kuuliziwa. Funguo ninazo. Njooni na lori."

Kundi likajaa. Lori la kokoto, la dereva Kiwale. Saruji mifuko ishirini, jumuiya ya wauza mitumba. Mhandisi mstaafu, nina muda. Wachomeleaji sita tunatoka garini sasa hivi. Mkuu wa Mkoa alipoombwa kibali alipauka. Akikataa, na ikawa mkuu kweli amefariki, ataitwa msaliti wa msiba. Akiuliza kama amefariki, ni miaka saba. Akaona heri asaini, kisha akalia mbele ya wapiga picha, kwa tahadhari, jicho moja moja.

Na wale wakubwa wengine, kwa kuogopa kuonekana hawana uchungu, wakashindana. Katingatinga lililokuwa bovu tangu lianze kuhudumu likapona siku moja. Nadhani woga wa wakubwa haujawahi kuwafaa wadogo kiasi kile.

Jioni Hidaya alimpigia mama yake. "Mama, huko mtoni kuna nini?"

"Kuna kelele za nyundo, mwanangu. Tangu asubuhi. Sijui wanatengeneza jeneza la nani kubwa hivyo."

*

Siku ya nne Mtukufu akarudishiwa simu. Mke wa mpwa wake, mwenye tabia ya kuingiza kundini kila jina lililomo simuni, alikuwa amekwisha kumwingiza kwenye msiba wake. Mtukufu akasoma rambirambi laki sita, na machozi yakamlengalenga. Hakujua kama alipendwa namna ile. Akasoma, akasoma, mpaka akafika kwenye orodha ya kamati ndogo ya wasifu: "Mambo aliyotufanyia marehemu. Nakili, ongeza." Ilikuwa na siku mbili, na haikuvuka mambo matatu. Moja, alikuwa mrefu. Mbili, aliwahi kutupungia mkono akipita. Tatu, siku yake ya kuzaliwa hatuendi kazini.

Akaandika kwa hasira: "Mimi ni mzima. Ni mimi mwenyewe."

Bi. Sikudhani akasikika baada ya muda mfupi: "Hakuna msiba unaokosa mlevi. Admini, mtoe taratibu, msimtukane."

Akatolewa.

*

Ndipo ikaja video. Mtukufu kajirekodi kitandani, kashika gazeti la siku hiyo, anasema yu hai na atawashughulikia wote. Bwana Lugome aliingia mbio, tai iko begani.

"Bandika! Sasa hivi!"

Hidaya akachukua simu. Asubuhi ile mhandisi mstaafu alikuwa ameandika kwamba mbao za juu zingemalizika kesho adhuhuri. Video ikitoka leo, vyuma vitarudishwa ghalani leo leo. Kidole kikabaki hewani. Kilichomtesa ni kwamba video ilikuwa ya kweli. Miaka tisa amebandika uongo na akalala usingizi wake, leo kaletewa ukweli na mkono unakataa.

"Mkurugenzi," alisema, "sahihi saba."

"Hii ni dharura, wewe!"

"Dharura ina fomu yake, Mkurugenzi. Ile nyekundu. Kanuni ya kumi na nne. Anayeivunja, miaka mitatu."

Bwana Lugome akaichukua fomu. Kanuni ya kumi na nne nayo aliiandika yeye. Wakazunguka na jalada, yeye mbele, Hidaya nyuma, mlango hadi mlango. Afisa Rangi akaondoa rangi. Afisa Usalama akafuta ukuta wa hospitali, kwa kuwa Mtukufu yuko ofisini. Afisa Magazeti akalikata gazeti, kwa kuwa si la serikali. Afisa Hisia akapunguza ukali na kuongeza kinanda cha polepole. Afisa wa saba alikuwa kwenye harusi ya shemeji yake mpaka kesho yake saa nane.

Saa nane na nusu video ikatoka. Nchi ikalia upya. "Sauti yake hiyo!" watu waliandika. "Kumbe alituaga! Ilirekodiwa mwaka gani?"

Mbao zilikuwa zimekwisha kupigwa tangu saa saba.

*

Mtukufu akapanda ndege mwenyewe. Siku ya sita, kabla hajaelekea Mabanzi kujionyesha kwa watu wa kwao, akatia saini amri: kwa kuwa hakuna aliyekufa, daraja halihitajiki. Vyuma virudishwe ghalani leo saa sita kamili, bila kumsikiliza mtu yeyote. Barua nyingine akaandikiwa Hidaya, afike Jumatatu saa mbili ajieleze. Hidaya aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia mkobani. Jumatatu ni mbali, saa sita ni karibu. Akapanda lori la kokoto likirudi kuchukua masufuria, akashukia kwao.

Gari lililokuwepo upande ule lilikuwa moja tu, la kubebea maiti, lililoletwa na kamati kulijaribia daraja. Dereva wake, Chande, hakusita. "Gari lipo, marehemu hayupo. Mama akae mbele."

Walipofika mtoni, saa sita ilikuwa imepita kwa robo saa. Mtukufu naye alikuwa amefika hapo, akitoka kuhutubia Mabanzi, ambako watu walimsikiliza kwa adabu na kumpa sahani ya pilau la msiba wake. Msafara wake umesimama kwenye mdomo wa daraja. Upande wa pili askari wamepiga magoti, wanafungua nati.

"Acheni!" Mtukufu alipiga kelele. "Nataka kuvuka!"

Sajini akasimama, akapiga saluti. "Mtukufu, amri inasema bila kumsikiliza mtu yeyote!"

"Amri ni yangu!"

"Ndiyo maana tunaitekeleza, Mtukufu!" Wakaendelea.

Sasa jeshi lile lilikuja na bunduki za kutosha, ila halikuja na spana. Waliziazima pale pale kwa mafundi wa kamati, na fundi wa kwao akiombwa spana hanyimi, hata kama inakwenda kubomoa alichojenga jana. Msaidizi mmoja wa Mtukufu akang'amua jambo hilo, akamnong'oneza. Mtukufu akamfuata Bi. Sikudhani, aliyekuwa pembeni anasugua sufuria.

"Mama, waambie mafundi wako wachukue spana zao."

Bi. Sikudhani akamwangalia toka juu hadi chini. Alikuwa mrefu kweli. "Baba, mimi mwenyekiti tu. Maombi yanaletwa kundini."

"Mlinitoa."

"Utarudishwa. Ila sheria ya wote ni moja. Unanakili, unaongeza jina."

Mtukufu akaitazama simu yake. Miaka thelathini alikuwa hajanakili kitu kwa mkono wake. Wasaidizi wakatazama miti. Hidaya akashuka garini. Akasimama ubavuni kwa Mtukufu. "Samahani, Mtukufu. Bonyeza hapo, shikilia, usiachie. Haya, nakili. Sasa shuka mpaka chini."

Orodha ya wanaotaka daraja libaki, iliyofunguliwa kundini asubuhi ile amri ilipotoka, ilikuwa imefika watu laki nne na elfu mbili, na wa mwisho alikuwa Mama Chausiku, karanga. Chini yake mkuu wa nchi akaandika kwa kidole kimoja: "Mtukufu."

"Mtukufu nani?" mtu akauliza kutoka mkoa wa mbali. "Andika jina kamili kama wenzako."

Akaandika: "Masumbuko Kidando." Jina hilo alikuwa hajalitumia tangu aapishwe. Jina lililofuata, la kinyozi fulani, likaingia chini yake papo hapo, na mengine yakamfukia.

Ng'ambo ile mafundi wakasoma simu zao. Wakawaendea askari bila ugomvi. "Afande, samahani, ile spana yangu namba kumi na tisa." Wakazipokea, wakapiga magoti walipopiga askari, wakakaza nati upya. Sajini akawa anawashikia.

Hidaya akarudi garini. Chande akawasha, akasogea, akakwama. Mtukufu alikuwa amegundua kitufe cha sauti. Amesimama katikati ya njia, kifua mbele, mkono juu, anahutubia simu: "Ndugu wananchi, kama nilivyoahidi miaka yote, leo nimewajengea…"

Chande akapiga honi. Hakusikia.

"Hidaya," alisema Bi. Nyamizi, "mbona hatuendi?"

"Kuna mtu kasimama njiani, mama."

"Nani?"

"Mkuu wa nchi."

Bi. Nyamizi akageuza uso upande ilikotoka sauti. Akaisikiliza kidogo. Aliifahamu. Ilikuwa ikimwingilia nyumbani kwa redio kila saa mbili usiku tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Mwambie apishe," alisema. "Daktari anafunga saa tisa."

Hidaya akashusha kioo, akamwambia.